Makarai Sita ya Ivuna

Nyinyi mnaojifunza ukarani, na nyinyi mliokwenda mbele zaidi mkasomea sheria, nisikilizeni kidogo kabla hamjashika kalamu. Kuna neno moja nililoliandika miaka yote niliyokaa kwenye meza za mabaraza ya machifu, enzi za Mwingereza, na hadi leo nikilikuta chini ya karatasi yoyote damu inanichemka. Neno lenyewe ni "amekubali". Nililiandika kwa mwandiko safi na wino mweusi, herufi ya mwisho nikiipinda mkia kidogo kwa madaha. Mtu alisimama mbele yangu, nikamsomea, nikaandika amekubali, akachovya dole gumba, tukamwita mwingine.

Msije mkadhani nilikuwa mla rushwa au mtu katili. Nilikuwa karani mzuri, niliyesifiwa na wakubwa zangu, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mtu mbaya angalau anajua anachokifanya.

Aliyenifundisha kazi ni Karani Yeremia, mtu wa Itaka kama mimi, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi kwenye sikio la kushoto. Kwake nilijifunza mambo ambayo nyinyi wa kalamu za kubonyeza hamtayahitaji kamwe. Wino wa unga uchanganywe asubuhi, kidogo kidogo, maana ukichanganya chupa nzima utaota ukungu kabla ya Jumamosi. Ukikosa karatasi ya kukaushia, nyunyiza mchanga laini, kisha upulize huku umefumba macho. Mimi siku ya kwanza nilipuliza nikiwa nimeyakodoa, nikashinda nikilia mbele ya wadai na wadaiwa, na mama mmoja akanihurumia akidhani nimefiwa. Dole gumba la mkulima lioshwe kwa jivu kwanza, la sivyo utakachopata kwenye hati ni udongo wa shambani kwake.

Lakini Yeremia alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sote. Akishamaliza kuandika mkataba na kuusoma, aliinuka, akasema anakwenda kunywa uji, akawaacha wenye shauri peke yao. Uji wenyewe haukwisha haraka. Aliporudi alimgeukia aliye mnyonge kati ya wale wawili, yule anayeazima, au mjane, au kijana asiye na baba, akamwambia amweleze kwa lugha ya kwao karatasi inasema nini, akianzia na litakalompata mambo yakiharibika. Mtu asipoweza kueleza, Yeremia alichana karatasi na kuanza upya. Kwa namna hiyo tungeweza kuandika hati mbili tu kwa siku nzima, na matarishi walimsema sana. Mimi nami nilimsema.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Aliniambia, "Mwanangu, mwenye mali hahitaji karani. Yeye anajua anachotaka. Wewe umewekwa hapa kwa ajili ya yule mwingine." Niliitikia vizuri, kwa adabu, nikatoka nje nikacheka.

Nilipopewa meza yangu mwenyewe, nilipelekwa baraza la huko chini, upande wa Ivuna, karibu na ziwa Rukwa. Kwa mtu wa milimani, aliyezoea ukungu wa Mbozi na kahawa ya baba yake, kule kulikuwa adhabu. Joto, inzi, maji ya chumvichumvi. Yeremia alinipa daftari lake la mifano ya hati: hati ya kuazima fahali, hati ya kuazima plau, hati ya kuazima cherehani. Lile daftari nililiamini kama kitabu cha sala. Ile desturi ya kwenda kunywa uji niliiacha milimani.

Watu wa Ivuna walipika chumvi, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Wakati wa kiangazi hukwangua udongo wenye chumvi, wakautia kwenye chungu kilichotobolewa chini, wakamimina juu yake maji ya kisima cha chumvi, yakachujika taratibu. Yale maji ndiyo yanayochemshwa katika vyungu vya udongo hadi yakauke. Watu walishuka kutoka milimani na ulezi na maharage kubadilishana nao, na wengine, Wanamwanga ndugu zao, walivuka mpaka kutoka ng'ambo. Mwanamke mwenye kisima chake, aliyekirithi kwa mama yake, hakulala njaa.

Mama Nambeye alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, rika la mama yangu, mikono imekakamaa kwa chumvi na moto. Mwaka ule ng'ombe wa wafugaji walikuja kulamba udongo wa chumvi kama kawaida yao, wakakanyaga vyungu vyake vyote, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kinaanza. Kusubiri vyungu vipya vifinyangwe, vikauke, vichomwe, msimu ungempita. Nawaambia hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi walisema hakuna aliyemlazimisha.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Simkoko. Alikuwa na duka Tunduma na punda kadhaa, na alinunua chumvi ya Ivuna tangu mimi nikiwa mtoto wa shule ya misheni. Alimwambia Mama Nambeye atamwazima makarai sita ya chuma, mapya. Walielewana papo hapo kisimani: chumvi itagawanywa nusu kwa nusu, kwa misimu miwili, kisha makarai yarudi. Maelewano hayo mimi sikuyajua. Sikuyajua kwa sababu sikumuuliza yule mama hata neno moja.

Simkoko alikuja kwangu kwanza, siku moja kabla ya kuandika hati, na kuku mkononi. Tulimla mchana ule pamoja, tukazungumza habari za milimani, akasifu mwandiko wangu. Kesho yake alikaa karibu na meza akanisomea anachotaka, nami nikaandika. Kwamba amemwazima makarai sita. Kwamba chumvi yote atakayopika itakwenda kwake Simkoko, naye atampa chakula na nguo kadiri itakavyofaa. Kwamba itakuwa hivyo mpaka makarai yarudishwe. Nikaona sentensi ile imekaa kienyeji, haina uzito. Nikafungua daftari la Yeremia, nikachukua maneno ya hati ya plau, nikaongezea: "yakiwa katika hali ileile yaliyotolewa."

Simkoko aliniomba nirudie kusoma pale. Nikarudia. Akasema, "Hapo umeandika, Karani." Nilivimba kichwa siku nzima.

Mama Nambeye aliitwa, nikamsomea yote kwa Kiswahili, haraka haraka, huku nikifukuza inzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimiana na kuuliza bei; lugha yake ilikuwa Kinamwanga, ambacho nami nilikijua. Nilipomaliza alikunja magoti kidogo akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kwa ile namna yetu ya kumheshimu anayesema mbele ya baraza. Mimi ni mtoto wa huku huku, nimepiga makofi yale kabla sijajua kutembea vizuri. Nilijua kabisa kwamba hata anayehukumiwa kutoa mbuzi huyapiga. Nikachovya kalamu nikaandika: amesomewa, ameelewa, amekubali. Dole gumba lake, hata baada ya jivu, lilitoa doa jeusi tupu lisilo na mistari, kwa sababu chumvi ilikuwa imeshaifuta.

Niwaambie sasa jambo ambalo kila mtoto wa Ivuna analijua na mimi wa milimani sikulijua. Chumvi inakula chuma. Karai ukilipikia chumvi msimu mmoja linabadilika rangi, msimu wa pili linaanza kutoboka, na chumvi yenyewe inatoka nyekundu usipolisugua kila siku. Plau ukimwazima mtu itarudi na tope, utaisafisha, itakuwa plau. Karai la chumvi haliwezi kurudi katika hali ileile hata likishikwa na malaika.

Misimu miwili waligawana kama walivyoagana; ilipokwisha, Mama Nambeye aliyabeba makarai yale akampelekea Simkoko. Simkoko akaangalia matundu, akasema haya siyo yake, yake hayakuwa na matundu. Akamwonyesha karatasi. Mama akarudi nyumbani. Msimu wa tatu akapika kwa vyungu vya udongo, maana makarai yalikuwa yamekufa, na bado watu wa Simkoko walikuja na punda wakaichukua chumvi yote, wakamwachia debe la mahindi na kipande cha kaniki. Ndugu zake walivuka mpaka na ulezi wao kama walivyofanya tangu enzi za mama yake, wakarudi mikono mitupu. Msimu wa nne vilevile. Mwanamke akawa kibarua kwenye kisima chake mwenyewe, na kwa karatasi ile angekufa kibarua, na binti yake baada yake angekuwa hivyohivyo.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo, maana hasira inanipeleka. Miaka mingi baadaye nilikuwa Tunduma, nina mashine ya kupiga chapa, hati zinakuja zimeshachapishwa, unajaza majina tu. Vijana walikuwa wakivuka kwenda migodini kwa mikataba. Siku moja nilimwambia kijana mmoja anieleze kwa Kinyiha, lugha yetu ya milimani, kilichomo kwenye mkataba wake. Hakuweza. Nikaiweka kalamu chini. Bwana aliyewaandikisha akanijia juu, akasema lori linasubiri, na kwamba kijana yule ni mtu mzima, hakuna aliyemlazimisha. Nimelisikia jibu lile maisha yangu yote, kutoka kwa waazimishaji, kutoka kwa wanunuzi wa kahawa mbichi ikiwa bado mtini, kutoka kwa wenye viwanja. Siku zote analisema mwenye lori. Sijawahi kulisikia kutoka kwa aliyepanda nyuma.

Turudi Ivuna. Msimu wa tano ulikuwa unaanza, nami nilikuwa mezani siku Mama Nambeye alipotokea barazani na mzigo kichwani. Akautua katikati ya baraza, ukalia. Yalikuwa mabaki ya makarai sita: midomo, mishikio, vipande vyekundu vilivyomomonyoka mikononi mwake alipovipanga. Nilivitazama, nikayakumbuka maneno yangu.

Shauri lilisikilizwa na chifu wetu, tuliyemwita Mwene, pamoja na wazee wa baraza. Simkoko alikuja na koti na kofia, akapewa kiti. Mama alikaa chini. Niliamriwa kuisoma hati, nikaisoma, na wazee wakatikisa vichwa kwa namna ambayo niliijua: karatasi ipo, dole lipo, tumalize twende. Mzee Silwamba, mkubwa wao, alisema waziwazi kwamba mtu akishaweka dole, baraza halina la kufanya. Niliona mwanamke yule anavyopotea mbele ya macho yangu, kwa sauti za upole kabisa, bila mtu hata mmoja kumtukana.

Mwene alimuuliza kama dole ni lake. Mama Nambeye aliinama akaangalia lile doa.

"Kidole ni changu, Mwene," akasema. "Maneno ni ya nani?"

Simkoko alisema maneno ni ya wote wawili, ndiyo maana yakaandikwa kwamba amekubali, na karani wa serikali ni huyu hapa. Akanitazama kwa upole, macho ya mtu aliyekula nami kuku. Mwene naye akanigeukia.

"Karani, uliandika amekubali. Alikubali?"

Vijana wangu, sikuwa shujaa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na karani anayesema hati yake ni ya uongo anajichimbia shimo. Ningeweza kusema "ndiyo, Mwene" na hakuna mtu angenilaumu, maana ndivyo hati ilivyosema.

"Alipiga makofi, Mwene," nikasema.

"Makofi gani?"

"Haya yetu."

Wazee waliinamisha macho. Kila mmoja wao alikuwa ameyapiga asubuhi ileile Mwene alipoingia. Nikaona nimeshavuka, nikasema yote yaliyobaki. Kwamba nilisoma kwa Kiswahili na sikumfasiria. Kwamba sikumuuliza waliagana nini kisimani. Kwamba maneno ya hali ileile ni yangu mimi, nimeyatoa kwenye hati ya plau, kwa sababu mimi ni mtu wa kahawa na sikujua chumvi inafanya nini kwa chuma. Kisha hasira ikanishika kweli, si kwa Simkoko peke yake, bali na kwangu pia. Nikasema mimi sikujua, lakini Bwana Simkoko amenunua chumvi hapa miaka yote. Yeye alijua siku ile ile, na ndiyo maana aliniomba nirudie kusoma.

Mwene hakunikemea wala hakunisifu. Alimuuliza Simkoko amewahi kuazima makarai kwa wapika chumvi wangapi. Simkoko akasema ni wengi. Akamuuliza ni mangapi yamewahi kurudi katika hali ileile. Simkoko alirekebisha kofia yake, akasema hakuna, lakini huyu mama hakulazimishwa na mtu. Mwene akamwambia, "Ulimfungia mtu mlango ambao unajua haufunguki, halafu unatuambia aliingia mwenyewe." Mzee Silwamba aliguna. Alijaribu kusema tena kuhusu dole, akaishia katikati.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Hati ilifutwa. Makarai yalihesabiwa kuwa yamekwisha kulipwa kwa chumvi ya misimu iliyozidi, chumvi ya msimu ule ibaki kwa mama, na asiingie mtu kisimani kwake bila ruhusa yake. Simkoko alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akapanda kwenda bomani na koti lake, akarudi rufaa imetupwa. Mimi niliandikiwa barua ya onyo kwa uzembe, na kabla ya mvua nikahamishwa. Barua ile ilikuwa ya haki. Ni barua pekee ya serikali ambayo sijawahi kuilalamikia.

Nyinyi mnaosomea sheria mtaniambia leo kuna vifungu, kuna masharti ambayo mahakama haiyatambui, kuna maelezo kuhusu upande ulio dhaifu. Vizuri. Hayo yote yanakuja baada ya mtu kuumia msimu baada ya msimu na kupata nguvu ya kujitwika vyuma vyake hadi barazani. Wangapi hawakujitwika? Hati ngapi za mwandiko wangu mzuri ziko hadi leo chini ya magodoro ya watu, zikiwafunga, na mimi nilishasahau hata majina yao? Msinijibu haraka. Mimi nimekaa na swali hilo tangu nilipoacha kazi.

Siku ile ya shauri, watu walipotawanyika, Mama Nambeye alibaki. Nilidhani anataka kunishukuru, nikaanza kutafuta maneno ya unyenyekevu. Alinyoosha kidole kwenye ile hati, iliyokuwa bado mezani na mstari mrefu umepigwa katikati.

"Nisomee," akasema.

Nilimwambia karatasi imekwisha kufa, haina nguvu tena juu yake. Akasema amesikia, nimsomee, kwa Kinamwanga. Akavuta kile kiti alichokalia Simkoko, akakaa. Nikaanza kumfasiria, sentensi moja moja.

Kwenye makarai sita alisema ni kweli. Kwenye chumvi yote alinisimamisha, akasema hapo angekataa, angesema nusu, kama walivyoagana. Kwenye chakula na nguo kadiri itakavyofaa aliniuliza kadiri itakavyomfaa nani, nami nikasoma mstari uliofuata. Kwenye mpaka makarai yarudi akasema hapana, misimu miwili, karai halivuki hapo. Tulipofika kwenye maneno yangu aliguna kwa kicheko kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapa nisingemwambia yeye," akasema. "Ningekuambia wewe, mwanangu. Ningekuambia chumvi inakula chuma, nawe ungefuta."

Tulimaliza. Kazi yote ilikuwa imechukua muda wa maji ya ugali kuchemka. Mkataba alioutoa yeye, kama ungeandikwa, ungekuwa mzuri hata kwa Simkoko. Angepata chumvi yake kwa misimu miwili, na angeendelea kukaribishwa kisimani miaka yote iliyofuata.

Aliniangalia bila chuki, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ni muda huu tu," akasema. "Mbona siku ile hukuniuliza?"

Kisha akasubiri, kwa uvumilivu wote ambao mimi sikuwa nao kwake. Kwa Mwene nilikuwa na maelezo mengi. Kwake yeye sikupata hata moja, na alipoona hivyo aliviokota vyuma vyake kimoja kimoja, akajitwika, akaenda zake kisimani.